Ulikataa KRA Ichungulie M-Pesa Yako, Halafu Ukampea Jamaa wa Saiba Paswadi ya iTax

Juni 2025 wasee walikuwa na sababu ya kutabasamu. Alhamisi, 19 Juni 2025, Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha wa mwaka huo bila kile kipengee cha 52 kilichokuwa kimewapandisha watu presha. Kipengee hicho kilitaka kufuta ulinzi ulio kwenye Sheria ya Taratibu za Ushuru, ule unaozuia KRA kulazimisha kampuni kuipatia data za kibinafsi za wateja wake. Mtaani stori ilikuwa moja tu: Zakayo anataka kuchungulia M-Pesa. Watu walipiga kelele, Kamati ya Fedha ikasikia, kipengee kikatolewa. Wakati huo mswada ulikuwa ukingoja sahihi ya Rais.

Fiti sana. Lakini hebu pita karibu na saiba yoyote mtaani msimu wa kufaili, uone laini.

Yule yule aliyekuwa akipost "data yangu si ya serikali" ameketi kwenye kiti cha plastiki, amempea jamaa wa kompyuta kitambulisho, P9 ya kazi, namba ya simu na paswadi ya iTax imeandikwa nyuma ya risiti ya supamaketi. Analipa soo moja ama soo mbili, anangoja dakika kumi, anaondoka na karatasi. Paswadi imebaki pale. P9 imebaki kwenye kompyuta. Mshahara wake, mwajiri wake na namba yake ya kitambulisho viko mikononi mwa mtu ambaye hajui hata jina lake la pili.

Hakuna mbunge aliyepitisha hiyo. Tumejipitishia wenyewe. Na kwa vile mwisho wa kufaili ni 30 Juni, tuongee kabla laini haijafika barabarani.

Nani anafaa kufaili?

Kila mtu mwenye PIN ya KRA iliyo na wajibu wa ushuru wa mapato. Haijalishi ulichukua PIN ili uombe mkopo wa HELB, ufungue akaunti ya benki ama uanze mboka. Ukiwa na PIN tangu 2024 ama kabla, ritani ya mwaka wa 2024, yaani 1 Januari hadi 31 Desemba, ilifaa kuwa ndani kufikia 30 Juni 2025. Kama ulichukua PIN mwaka wa 2025, ritani yako ya kwanza ni ya kufailiwa 2026.

Ukichelewa, adhabu ya mtu binafsi ni Sh2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Hiyo ni kwa kila mwaka uliorukwa. Ndio maana kuna wasee walichukua PIN wakiwa fom foo, wakaisahau, na siku ya kutafuta cheti cha kuonyesha umelipa ushuru ili waajiriwe, wakakuta deni la maelfu na hawajawahi kushika hata mshahara mmoja.

Nil haimaanishi "nilikuwa nimesota"

Hapa ndipo wengi huchoma. Ritani ya nil ni ya mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote mwaka mzima. Si ya mtu aliyelipwa kidogo. Si ya mtu ambaye mwajiri "tayari alikata".

Hesabu iko hivi. Kila mwezi, Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni Sh2,400. Halafu kila mkazi hupata nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi. Zinakutana zinafutana. Kwa hivyo anayepata Sh20,000 kwa mwezi halipi ushuru wa mapato, lakini mapato anayo, na anafaa kuyaandika. Ritani yake itaonyesha sufuri kwenye ushuru, na hiyo ni tofauti kabisa na kubonyeza nil.

Kwa nini jamaa wa saiba hupenda nil? Juu ni rahisi. Kubonyeza mara chache na karatasi imetoka. Ritani ya mshahara inataka asome P9, ahakikishe PIN ya mwajiri, aangalie makato. Kwa laini ya watu thelathini, nil ni mteremko. Wewe unaona karatasi ina nembo ya KRA, unaridhika, unaenda. Lakini mwajiri wako kila mwezi hupeleka jina lako na PAYE yako KRA. Upande mmoja wa mfumo unasema ulilipwa, upande wa pili wewe mwenyewe umeapa hukupata hata ndururu.

Wasee wa kontenti, hii pia ni yenu. Tangu Julai 2023, anayemlipa mkazi kwa kontenti ya kidijitali anafaa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Makato hayo huonekana dhidi ya PIN yako. Ukifaili nil, umejishtaki. Na kuna upande mtamu: ile asilimia 5 ni malipo ya mapema, kwa hivyo usipoiandika kwenye ritani unajinyima doh yako mwenyewe. Wale wanaolipwa na wateja wa nje, hakuna anayewakatia, lakini mapato ni mapato, mnafaa kuyaandika.

Kuna pia wa mboka mbili. Tuseme kazi ya mchana inakulipa Sh60,000 na ya jioni Sh30,000. Waajiri wote wawili wakikupa ile nafuu ya Sh2,400 na kukuanzishia hesabu kwenye asilimia 10, ukiunganisha mapato utakuta ile ya pili yote ilifaa kutozwa asilimia 30. Tukiacha makato mengine kando, hiyo ni Sh9,000 kwa mwezi badala ya Sh1,500 iliyokatwa. Kwa mwaka, pengo ni Sh90,000. Jamaa mwenye haraka akiingiza P9 moja tu, hilo pengo halijaenda mahali. Linakungoja, likiongezwa asilimia 5 ya kuchelewa kulipa na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Na kwa yote hayo, sheria haimjui jamaa wa saiba. Inajua mwenye PIN.

Barua pepe iliyo kwenye iTax yako ni ya nani?

Swali hili ni la maana kuliko paswadi yenyewe. Wengi wetu PIN tulifunguliwa saiba, tukiwa hatuna barua pepe ama tumesahau tuliyonayo. Jamaa akatumia yake, ama akafungua mpya ambayo yeye pekee ndiye anajua kuingia.

Sasa fikiria maana yake. Ukibonyeza "nimesahau paswadi", paswadi mpya inaenda kwake. Risiti ya ritani inaenda kwake. Barua ya KRA ikisema kuna shida, inasomwa na yeye, ama haisomwi na mtu. Unaweza kubadilisha paswadi mara kumi, bado ufunguo wa nyumba uko kwa jirani.

PIN iliyo mikononi mwa mtu mwingine si kitu cha mchezo. KRA imekuwa ikipambana na wale wanaoitwa wafanyabiashara hewa: PIN na biashara zinasajiliwa, ankara za VAT zinatolewa, lakini hakuna bidhaa iliyouzwa. Mlolongo wa aina hiyo unahitaji majina ya watu halisi. Siku ya kutafutwa, mwenye jina ndiye hubishiwa mlango.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema wazi kwamba kutumia paswadi ya mtu mwingine kwa ulaghai ni kosa, faini hadi Sh200,000 ama kifungo hadi miaka mitatu, ama vyote. Sawa, lakini kesi ni ya kesho na deni ni la leo.

Kwa hivyo ingia iTax, fungua sehemu ya usajili, uone barua pepe na namba ya simu zilizoandikwa. Kama si zako, zibadilishe kupitia sehemu ya kurekebisha maelezo ya PIN. Kama huwezi hata kuingia juu paswadi inaenda kwa mtu mwingine, chukua kitambulisho chako uende Huduma Centre ama ofisi ya KRA. Unaweza pia kupiga 0711 099 999 ama 020 4 999 999. Fanya kabla ya wiki ya mwisho, juu hiyo wiki kila mtu atakuwa amekumbuka.

Kufaili mwenyewe, hatua kwa hatua

Anza na anwani. Andika itax.kra.go.ke mwenyewe kwa mkono. Usifuate linki kutoka WhatsApp, na usibonyeze tangazo la kwanza kwenye Google. Ingiza PIN, paswadi, ujibu ile hesabu ndogo ya kujumlisha ama kutoa, uingie.

Kama hukuwa na mapato yoyote: nenda kwenye menyu ya Returns, uchague File Nil Return, aina ya ushuru iwe Income Tax Resident Individual, na kwa ritani ya 2024 tarehe ni 01/01/2024 hadi 31/12/2024. Simu inatosha.

Kama mapato yako ni mshahara pekee: menyu hiyo hiyo ina fomu ya ITR For Employment Income Only. Inajazwa hapo hapo mtandaoni, na sehemu fulani utazikuta zimejazwa tayari kutoka kwa mwajiri. Usiamini tu. Weka P9 kando, linganisha mshahara, pensheni, nafuu na PAYE iliyokatwa, namba kwa namba. P9 ya 2024 inahitaji macho mawili, juu mwaka huo NHIF ilitoka na SHIF ikaingia Oktoba, halafu sheria ya makato ikabadilika tena 27 Desemba. Kama P9 na mfumo hazisemi kitu kimoja, ongea na watu wa mishahara kazini kabla ya kutuma.

Kama una biashara, kontenti ama mapato mengine juu ya mshahara: hapo ni fomu ya Excel. Unaipakua kutoka iTax yenyewe, unaijaza kwenye kompyuta, unabonyeza Validate, inakutolea faili la zip, unalipandisha. Fomu hiyo itakuomba uruhusu makro. Makro ni programu ndogo ndani ya faili, na ndiyo njia moja virusi hupitia, kwa hivyo fomu ya "rafiki alinitumia" ama ya mwaka jana usiifungue. Pakua mpya.

Ukimaliza, usiondoke bila risiti ya e-Return. Halafu rudi kwenye Returns, ufungue View Filed Return, uone kama ritani ya 2024 iko pale kweli na ni ya aina gani. Hii hatua ndiyo inamaliza wale wa kuchapisha risiti feki: karatasi inaweza kutengenezwa, rekodi iliyo ndani ya akaunti yako ni kitu kingine. Na kama utagundua mwaka fulani ulifailiwa nil na ulikuwa na mboka, kuna File Amended Return ya kusahihisha. Ni afadhali ujisahihishe wewe kuliko usahihishwe.

Kama lazima uende saiba

Wengine hawana kompyuta, simu imepasuka, bando zimeisha. Inaeleweka. Lakini kuna tofauti kati ya kukodi kompyuta na kukodisha utambulisho wako.

Lipia mashine, keti wewe, andika paswadi wewe. Ukikwama, mwite jamaa akuonyeshe kwa kidole, kibodi ibaki yako. Fungua dirisha la siri la kivinjari, kwa Chrome ni Ctrl, Shift na N, ili lisihifadhi historia. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi paswadi, kataa. P9 usiitume kwa WhatsApp ya saiba, ifungue kwenye barua pepe yako. Ukimaliza, toka iTax, toka kwenye barua pepe, toka WhatsApp ya kompyuta, futa P9 na fomu kwenye Downloads, kisha umwage na pipa la taka la kompyuta. Ukifika kejani, badilisha paswadi kwa simu yako. Isiwe jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa.

Na kama mambo yako ni magumu, una biashara na nyumba za kukodisha, tafuta wakala wa ushuru aliyesajiliwa. Wakala halali huingia iTax kwa akaunti yake mwenyewe, baada ya wewe kukubali akuwakilishe. Hahitaji paswadi yako. Akiiomba, hapo umeshajua rada.

Meseji za Juni

Msimu huu simu hujaa meseji. "KRA inakudai, lipa leo uepuke kushtakiwa." "Una refund ya Sh14,500, bonyeza hapa." Zote zinacheza na vitu viwili tu, woga na tamaa.

Anwani ya serikali ya Kenya humalizika kwa .go.ke. Kama neno kra liko mwanzoni lakini mwisho ni .com ama kitu kingine, si wao. Soma mwisho wa jina la tovuti, usisome mwanzo. Na ushuru haulipwi kwa namba ya mtu. Unatengeneza hati ya malipo ndani ya iTax, inakupa namba ya usajili wa malipo, ile PRN, halafu unalipa kwa Paybill 222222 ukitumia PRN kama namba ya akaunti. Mtu akikuambia "tuma kwa hii namba yangu nitakufanyia mpango", huo mpango ni wake. Kama kweli unadaiwa, deni litakuwa kwenye akaunti yako ya iTax. Ingia uangalie mwenyewe.

Kulikuwa na msamaha, na uliisha 30 Juni 2025

Kwa wale wenye madeni ya zamani, 30 Juni 2025 ilikuwa pia mwisho wa msamaha wa ushuru. Ulihusu adhabu na riba za vipindi vya hadi 31 Desemba 2023. Kama hukuwa na ushuru wenyewe unaodaiwa, ni adhabu tu za kutofaili, zilifaa kufutwa bila hata kuomba. Kama kulikuwa na ushuru wenyewe, uliomba na kuulipa wote kufikia tarehe hiyo, na adhabu na riba zikaondolewa. Ritani zilizorukwa zilikuwa lazima zifailiwe. Kwa hivyo jamaa aliyetaka thao tano "akufutie penalti" wakati huo, alikuwa anakuuzia kitu ambacho sheria ilipeana bure.

Lakini lawama si za raia pekee

Ni rahisi kusema watu ni wavivu. Si kweli. Angalia mama mboga aliye na kibanda, angalia boda, angalia mlinzi wa usiku. Mfumo unawataka wajaze Excel kwa Kizungu cha wahasibu, kwenye kompyuta ambayo hawana, kisha wapandishe faili la zip. Ukitengeneza mlango ambao watu hawawezi kuupita, usishangae wakilipa mtu awabebe mgongoni. Saiba haikujileta, fomu ndiyo iliyoileta. Na mgala muue na haki yake mpe: wale jamaa wengi wao ni wasee wanasaka unga kama sisi, na bila wao mamilioni ya adhabu za Sh2,000 zingekuwa zimeangukia watu wasiojua kuna tarehe. Fomu ya mshahara ya kujaza mtandaoni ni hatua nzuri. Inayobaki ni kuiweka kwa Kiswahili na kuwatoa wenye biashara ndogo kwenye Excel.

Mwaka wa 2024, vijana walijaa barabarani Juni kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na mswada ukarudishwa. Mwaka wa 2025 kipengee cha 52 kilitolewa kwa kelele za watu wale wale. Kizazi hiki kimeonyesha kinajua kusoma kipengee kwa kipengee. Basi tusome na ile fomu moja iliyo na jina letu juu.

Usingoje 30 Juni, na kabla hata ya kutafuta P9, fungua iTax leo jioni uangalie kitu kimoja tu: barua pepe iliyoandikwa pale ni ya nani. Kama si yako, kesho asubuhi mboka yako ya kwanza ni Huduma Centre.